Msituite Vishoka



Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mjini. Ni kiongozi mmoja, simtaji jina wala ofisi, anawaonya wananchi wa Kigoma Ujiji waache kutumia "vishoka" kufunga sola majumbani. Anasema vishoka wanaunguza nyumba za watu. Anasema tukiwaona tuwaripoti. Halafu chawa wameipokea na kuisambaza wakiweka na viganja vya kupiga makofi, kana kwamba mtu kagundua dawa ya malaria.

Sasa nijiripoti mwenyewe. Kishoka anayesemwa ni mimi. Nakaa Katubuka, nina miaka 27, sina cheti cha VETA, sina leseni ya EWURA, na kwa mikono hii nimefunga sola kwenye nyumba kumi na kitu kati ya Katubuka na Gungu. Nyingine ziko salama mpaka leo. Moja haikuwa salama, na nitaanza na hiyo, maana sitaki mtu aje kunifumania kwenye comments.

Ilikuwa Januari 2024. Mnakumbuka mgao ule. Nchi nzima ilikuwa kwenye giza kwa zamu, ratiba zinatoka na hazifuatwi. Mama mdogo ana genge na kafriji kadogo cha kuuzia maji na juisi. Akaniambia, mwanangu, wewe si unajua mambo ya sola, nisaidie friji lisizime. Nikamfungia paneli mbili, betri, kontrola na inveta. Mpaka hapo sawa. Kosa likaja kwenye kuingiza umeme wa inveta kwenye nyaya za nyumba. Njia sahihi niliijua kwa kusikia tu, kwamba kuna swichi ya kuhamisha, chenji ova. Niliona ni gharama. Nikatengeneza waya wenye plagi za kiume pande zote mbili: upande mmoja unachomeka kwenye inveta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Tuliwasha, watoto wakashangilia, nikapewa juisi ya ukwaju. Nilijiona injinia.

Siku ya nne mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, darasa la sita, akachomoa ule waya ukutani ili achomeke chaja ya simu. Inveta ilikuwa inawaka. Plagi ikabaki mkononi mwake, pini ziko wazi, zina volti 230. Aliikamata kiganja kizima. Kilichomwokoa ni kwamba umeme ulipita mkononi tu, haukuvuka kifua, na dada yake alikuwa na akili ya kuzima inveta badala ya kumvuta. Leo yuko hai, anasoma, anacheza mpira. Vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki. Anaandika kwa kushoto.

Mama mdogo hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Angenilaumu ingekuwa afadhali.

Kwa hiyo sitetei ufundi mbovu. Ninachokataa ni hii tabia ya serikali kumwacha mtu gizani, kumnyima mafunzo, kumwachia soko lililojaa bidhaa feki, halafu akiungua wanatokea na spika kumwita kishoka. Kishoka hazaliwi na bangi, anazaliwa na pengo. Na pengo la Kigoma lina historia, ngoja niwakumbushe wale waliokuwa wadogo.

Mkoa huu umekaa miongo na miongo nje ya gridi ya taifa. Mji wenye bandari, reli na uwanja wa ndege uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Likikosekana dizeli, giza. Likiharibika jenereta, giza. Februari 2008 Rais Bush alikuja Dar es Salaam, akasaini na Rais Kikwete mkataba wa msaada wa MCC wa dola milioni 698. Ndani yake Kigoma tuliahidiwa umeme wa maji wa mto Malagarasi, pale maporomoko ya Igamba. Mradi ule ukafutwa kwa sababu za mazingira, mtoni kuna viumbe wasiopatikana kwingine. Sina ugomvi na viumbe. Badala yake Kigoma ikapewa sola: sekondari, zahanati na masoko ya vijijini yakafungiwa paneli kwa fedha hizo hizo. Kazi ile ilifanywa na kampuni zilizoshinda tenda. Sasa niulize swali la kijinga: kama mkoa mzima umegeuzwa kuwa mkoa wa sola, kwa nini kila kata haikuachiwa mafundi wa sola? Paneli zinakaa miaka 25. Betri zinakufa ndani ya mitatu, minne. Nani alitarajiwa kuzibadilisha? Malaika?

Februari 2015, mwaka wa uchaguzi, serikali ikatangaza kampeni ya nyumba milioni moja za sola ifikapo mwisho wa 2017. Mwaka 2017 ulikuja ukapita. Katikati hapo ikatokea ile ya Machi 2016: bodi ya MCC ikasimamisha mkataba wa pili, karibu dola milioni 472, ambao sehemu kubwa ilikuwa ya umeme. Sababu walizitaja wenyewe: uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa Oktoba 2015 na kurudiwa bila upinzani, na sheria ya makosa ya mtandao. Yaani wakubwa walipoamua kura za Wazanzibari hazina maana, bili ikatufikia sisi tunaotumia tochi. Mtu akikwambia demokrasia hailiwi, mwambie ile tuliyonyimwa ingewasha taa.

Oktoba 2022 Rais alikuja mkoani kwetu na gridi ya taifa ikawashwa. Nilishangilia pia. Sioni aibu kusema, umeme ni umeme, hauna kadi ya chama. Mwaka 2025 tukaambiwa mitambo yote 9 ya Bwawa la Nyerere imekamilika, megawati 2,115. Malagarasi nayo imerudi kwenye hotuba, safari hii megawati 49.5. Hongera. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, kuvuka mamia ya kilomita za nguzo hadi soketi ya Katubuka bila kukatika ni jambo lingine. Mvua ikipiga tunajua kitakachofuata. Mnasikia friji linakohoa mara moja, kisha kimya, kisha jirani anauliza kwa sauti, "na kwako?"

Sasa kuna chawa mmoja alinijibu Facebook: umeme upo, bei ni nafuu, nyie mnafunga sola kwa chuki za kisiasa. Tupige hesabu basi, tuache kelele. Uniti moja ya LUKU kwa mteja wa kawaida wa nyumbani ni kama shilingi 356 ukiweka kodi na tozo. Anayetumia kidogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, yuko kwenye 122. Mimi nilinunua betri ya maji, volti 12, saa-ampia 100, kwa laki tatu na nusu. Betri ya aina hiyo haitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo inanipa nusu uniti kwa siku. Kwa miaka mitatu, ikifika, ni kama uniti 547. Gawanya: shilingi 640 kwa kila uniti, na hapo sijahesabu paneli, kontrola wala inveta. Karibu mara mbili ya LUKU. Nani ana chuki ya bei hiyo? Watu wa Katubuka hawafungi betri kwa sababu wanaipenda. Wanalipia kukatika kwa umeme. Hiyo shilingi 640 ni kodi ambayo haikupitishwa na Bunge. Na bado kila mwezi LUKU inakata 1,500 ya jengo.

Na asiyeunganishwa kabisa? Kuna kipindi kuunganishwa ilikuwa 27,000 popote. Januari 2022 mjini ikarudishwa 320,960, na hiyo ni kwa nyumba isiyohitaji nguzo. Kijana wa Kibirizi anayelala kwenye chumba cha kupanga, anayeshinda anaanika dagaa za watu, atatoa laki tatu kwa nyumba isiyo yake? Atanunua kipaneli Mwanga, atamwita mtu kama mimi.

Kwa hiyo tutaendelea kufunga. Hilo halina mjadala. Mjadala ni tufunge vipi. Na kwa kuwa wenye mishahara ya kutufundisha wameamua kutukemea, nitaandika hapa nilichojifunza baada ya kidole cha mtoto wa watu. Nimekaa miezi na fundi mzee mmoja mwenye leseni, mstaafu, ambaye alikubali kunipiga msasa kwa malipo ya kumbebea ngazi. Mengi ya hapa chini ni yake.

Kwanza feki. Ukiona paneli imeandikwa wati 300 na unaibeba kwapani kama sinia ya pilau, umeibiwa. Paneli nzuri ya siku hizi inatoa kama wati 200 kwa eneo la mita moja ya mraba, zaidi kidogo kwa zile bora kabisa. Nenda dukani na futi kamba, pima urefu mara upana, hesabu. Mzee wangu anasema futi kamba ya buku tatu ni TBS ya maskini. TBS yenyewe ipo, ina sheria, ina nembo. Ningependa kuiona sokoni Mwanga mara nyingi kama ninavyowaona wa ushuru.

Pili hesabu ya matumizi, kabla hata ya kununua. Taa tatu za wati 7 kwa saa 5, TV ya wati 40 kwa saa 5, simu mbili tatu: inakuja kama wati-saa 325 kwa siku. Kwa jua letu, chukua saa 4 na nusu za jua la maana, toa asilimia 30 inayopotea njiani na kwenye betri, paneli ya wati 150 ya kweli inatosha na chenji inabaki, na betri ya 100 inabeba. Ukiongeza friji, hata dogo, ongeza karibu uniti nzima kwa siku. Hapo ndipo watu wanaharibu: wanaongeza friji, hawaongezi paneli, betri inanyonywa hadi chini kila usiku, miezi minane imekufa, halafu wanasema sola ni utapeli.

Paneli juu ya bati ielekee kaskazini, sisi tuko chini ya ikweta, iinamishwe kidogo tu, nyuzi 10 au 15, mvua iioshe. Iwe na nafasi ya hewa chini yake, ikipata joto inazalisha kidogo. Na ifungwe kwa bolti. Upepo wa ziwa hauheshimu misumari miwili na waya wa kuanikia nguo.

Waya. Hapa ndipo tunapochomea watu nyumba. Umeme wa volti 12 ni mpole ukiushika lakini ni mkali kwenye waya. Vifaa vya wati 120 kwenye volti 12 vinavuta ampia 10. Ukitumia waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba kwa umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, unapoteza zaidi ya volti 2 njiani. Taa zinafifia, na hizo volti zilizopotea zimegeuka joto ndani ya waya, ndani ya dari, karibu na mbao. Waya wa milimita 6 unashusha upotevu hadi karibu nusu volti. Ni ghali, najua. Basi sogeza betri karibu na matumizi, fupisha waya. Ufupi hauuzwi.

Fyuzi. Nimeingia nyumba ngapi sikuti fyuzi hata moja. Betri ya 100 ikipigwa shoti inaweza kusukuma ampia zaidi ya elfu moja kwa sekunde chache, spana inageuka nyekundu kama mkaa. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri kiasi cha shubiri moja, siyo kule mwisho. Kazi yake ni kulinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Na upande huu wa sola usifunge breka ile ya kawaida ya nyumbani. Umeme wa betri na paneli hauendi na kurudi kama wa TANESCO, unakwenda moja kwa moja, cheche yake haizimiki yenyewe. Breka ya kawaida inaweza kufunguka na bado cheche ikaendelea kuwaka ndani hadi kiboksi kiyeyuke. Tafuta breka iliyoandikwa DC na volti zake.

Betri isikae chini ya kitanda. Narudia kwa wale wa vyumba vya kupanga: isikae chini ya kitanda. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, inalipuka kwa cheche ndogo. Weka kwenye kona yenye hewa, juu ya ubao, mbali na jiko na watoto. Ukiunga, anza na betri kwenda kontrola, ndipo paneli. Ukifungua, anza na paneli. Na kumbuka paneli haina swichi ya kuzima jua, mchana ina umeme hata kama umeishika mkononi dukani. Ifunike na kitenge kizito unapofanya kazi.

Sasa lile langu. Nyumba yenye LUKU na inveta lazima iwe na chenji ova yenye nafasi tatu: gridi, katikati sifuri, sola. Haiwezekani kimaumbile zote mbili ziguse kwa pamoja, ndiyo maana yake. Bila hiyo kuna mambo matatu. Moja mmelisikia, plagi wazi yenye umeme. La pili, umeme wa gridi ukirudi ghafla ukakutana na inveta yako, inveta inalipuka, mara nyingine na moto juu. La tatu ndilo linaloninyima usingizi: umeme wako unaweza kutoka nje kupitia mita, ukafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui kusoma, ikipewa volti za nyumbani chini inatoa maelfu juu. Mara nyingi inveta ndogo itazidiwa na kujizima. Lakini waya ukiwa umekatika karibu na kwenu na mtaa mzima uko pembeni, kuna kijana yuko juu ya nguzo anajua njia imezimwa. Huyo naye ni mtoto wa mtu, hata kama kavaa ovaroli la shirika ambalo unalilaani kila jioni.

Kwa hiyo ule waya wa plagi mbili za kiume ukiuona popote, ukate. Usiufungue uweke akiba. Ukate.

Waya wa ardhi, mafundi wanaita ethi. Mkoa huu na radi tunajuana. Fremu ya paneli na boksi la inveta viungwe kwa waya mnene hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini, na waya huo upite nje ya nyumba, siyo juu ya vitanda. Hautazuia radi kupiga. Unaipa njia nyingine isiyo wewe. Na kwenye upande wa soketi weka ile breka inayokata umeme ukianza kuvuja kupitia mwili wa mtu. Kama ningekuwa nayo, na ethi sahihi, na chenji ova, tungekuwa na hadithi nyingine.

Halafu kuna hili la kwetu Katubuka peke yetu. Bwawa linapofurika maji yanaingia ndani, watu wanahama na magodoro kichwani. Wengi wanakumbuka kuzima meni swichi. Hakuna anayekumbuka sola. Maji yamefika magotini, betri iko chini, inveta inawaka, na asubuhi jua likichomoza paneli inaanza kuzalisha tena juu ya nyumba iliyojaa maji. Kama uko bondeni, pandisha kila kitu usawa wa kichwa, weka swichi ya kukata paneli sehemu unayofika bila kukanyaga maji, na mwonyeshe kila mtu wa nyumba, hata bibi. Serikali nayo itwambie lini bwawa litatafutiwa njia ya kudumu ya kutoa maji, badala ya kuja na mablanketi na kamera.

Hayo yote nimeyaandika kwenye ukurasa mmoja wa simu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anayaelewa. Yangeweza kufundishwa kwa wiki mbili katika ofisi ya kila kata. Ndiyo maana sikubali kuambiwa tatizo ni vishoka.

Tunadai nini? VETA ipo mkoani, ipewe fedha za kozi fupi za sola kwenye kata, jioni, kwa watu ambao tayari wanafanya kazi hii, na mwisho wake kuwe na njia rahisi ya kufika kwenye leseni ya EWURA ya daraja dogo. Wafanye kama walivyofanya wenzetu kwa madereva wa bodaboda: wakutane nasi tulipo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa 2023 na vijana wakabaki wanakodoa macho, iende na kwa vikundi vya mafundi wa sola, wanunue mita za kupimia na chenji ova za jumla, siyo kila mwaka cherehani na bodaboda. Ukaguzi wa sola ya nyumbani uwe bure na usiwe wa kukamata mtu. Mtu akijua akiita mkaguzi atapigwa faini, hataita.

Na kuna kanuni za mwaka 2018 za kumruhusu mwananchi mwenye sola aunge kwenye gridi kihalali, mita ihesabu umeme unaoingia na unaotoka, hadi mtambo wa megawati moja. Net-metering. Zinataka inveta maalumu inayojizima yenyewe gridi ikikatika, yaani lile suala la kijana wa kwenye nguzo limeshatatuliwa kitaalamu. Ni kanuni nzuri, nawapa haki yao. Nimeuliza Katubuka, nimeuliza Mwanga, nimeuliza Gungu: sijakutana na nyumba hata moja inayotumia, wala mtu aliyewahi kuzisikia. Kanuni ambayo haijafika mtaani ni mapambo. 

Sasa niwageukie wa nyumbani, maana sisi tuna tabia ya kurusha mawe upande mmoja tu. Nilipopendekeza tawini kwamba Jumamosi moja tusifanye kikao cha siasa, tufanye cha sola, katibu mmoja, ndugu yangu kabisa, akasema tutakuwa tunaisaidia serikali kuficha udhaifu wake. Mwache mwananchi aumie ili apige kura vizuri. Hakusema hivyo kwa maneno hayo, lakini ndicho alichosema. Nilimwomba aje kwa mama mdogo akayarudie mbele ya yule mtoto. Hakuja.

Mwingine akasema sola ni kuwakubalia kwamba gridi imeshindikana, sisi tudai umeme kamili. Nadai umeme kamili. Nadai na chenji ova leo usiku. Mtu mwenye njaa anadai shamba lake na bado anakula.

Kwa hiyo kikao kipo. Jumamosi hii saa 4 asubuhi, ofisi ya tawi Katubuka. Mzee wangu mwenye leseni amekubali kuja, tumchangie nauli ya bajaji. Kadi ya chama haiulizwi mlangoni, na wale wa kijani waje pia, mnafunga sola kama sisi, tunawaona. Njoo na picha ya betri yako ilipokaa na jinsi nyaya zilivyopita. Kutakuwa na mita ya kupimia, futi kamba, na mfano wa ubao wenye chenji ova mtakaoufunga na kuufungua wenyewe. Na kama una ule waya wa plagi mbili, uje nao. Nitaleta koleo.